Kipimo cha Neva ya Kusikia Katika Kusaka Uvimbe wa Shina la Ubongo: Tathmini ya Aliyefanyiwa

Kipimo cha mwitikio wa shina la ubongo kwa sauti, ambacho katika kliniki nyingi za masikio hutajwa kwa herufi tatu tu, ABR, ni huduma ambayo mtu mzima huandikiwa anapolalamika kwamba sikio lake moja limepungukiwa na usikivu kuliko la pili, au kwamba upande mmoja una mlio usiokoma, au kwamba anaisikia sauti ya mzungumzaji lakini maneno hayamfikii yakiwa na maana. Kinachotafutwa hapo, ingawa si kila daktari hukitaja siku ya kwanza, ni uvimbe kwenye neva ya nane ya fuvu, yaani neva ya kusikia na ya mizani ya mwili, katika pembe iliyo kati ya shina la ubongo na ubongo mdogo. Nimefanyiwa kipimo hiki kwa sababu hiyohiyo, na baadaye nikapigwa picha ya MRI, kwa hiyo ninayaandika haya nikiwa nimeyaona majibu ya pande zote mbili. Maoni yangu ni kwamba huduma hii ni nzuri na ina akili nyingi ndani yake, lakini huharibiwa inapotolewa kana kwamba inaonyesha kama uvimbe upo au haupo. Kazi yake ni kupima mwendo wa taarifa kutoka sikioni kwenda ubongoni, na majibu yake yana thamani kwa kadiri msomaji anavyolikumbuka jambo hilo.

Kwa upande wa usumbufu sina lalamiko la maana. Mtaalamu wa usikivu husugua ngozi ya paji la uso na ya nyuma ya masikio yote mawili kwa dawa yenye chengachenga ili kuondoa mafuta, kisha hubandika elektrodi ndogo, na kabla ya kuanza huhakikisha kwamba ukinzani wa umeme kati ya ngozi na elektrodi uko chini, kwa kawaida usiozidi kiloomu 5. Vipaza sauti vyenye ncha za sponji huingizwa masikioni. Baada ya hapo mgonjwa hulala katika chumba tulivu na huagizwa jambo moja tu, nalo ni kulegea. Habonyezi kitufe, hajibu swali wala hanyooshi mkono. Hata akipitiwa na usingizi ni heri, kwa sababu mwitikio huu hauzimwi na usingizi, na shingo na taya zilizotulia ndizo zinazoyafanya mawimbi yatoke safi. Sehemu isiyopendeza ni milio yenyewe, ambayo ni mikali, mara nyingi kati ya desibeli 80 na 90 juu ya kiwango cha usikivu wa kawaida, ikigonga mfululizo zaidi ya mara kumi kwa sekunde, huku sikio lisilopimwa likijazwa uvumi, yaani kelele ya mfululizo, pale inapohitajika ili lisiijibie sauti ya upande wa pili. Mtu ambaye masikio yake hukerwa na sauti kali aseme mapema. Zaidi ya hapo hakuna sindano wala mionzi, na kwa mtu mzima mtulivu hakuna dawa ya usingizi.

Kinachorekodiwa ni umeme mdogo mno. Hata wimbi la tano, ambalo ndilo linaloonekana kwa urahisi kuliko yote, kwa kawaida halifiki mikrovolti 1, ilhali umeme wa kawaida wa ubongo na misuli huwa mkubwa kuliko huo mara nyingi. Ndiyo sababu mashine huurudia mlio uleule mara 1,000, 2,000 au zaidi na kuchukua wastani: yale yasiyofungamana na mlio hufutana, na yale yanayoufuata kila mara kwa muda uleule hubaki. Don Jewett na John Williston, katika makala yao ya mwaka 1971, waliyapa mawimbi hayo namba za Kirumi kuanzia la kwanza hadi la saba, na namba hizo ndizo zinazoandikwa kwenye ripoti hadi leo. Wimbi la kwanza hutoka kwenye neva pale inapoanzia kwenye koklea, sehemu ya sikio la ndani inayogeuza sauti kuwa taarifa ya neva, la tatu huhusishwa na kiini cha koklea kilicho kwenye shina la ubongo, na la tano hutoka juu zaidi, njia ya usikivu inapokaribia ubongo wa kati. Kwa mtu mzima mwenye usikivu mzuri anayesikilizishwa mlio mkali, la kwanza hufika takriban milisekunde 1.6 baada ya mlio, la tatu karibu na 3.7 na la tano karibu na 5.6. Tofauti hizi ni ndogo kiasi kwamba hata jinsia huzigusa, kwani wanawake kwa wastani huwa na mawimbi yanayotangulia kidogo kuliko ya wanaume, na mwili uliopoa huyachelewesha. Mashine bora peke yake haitoshi. Kliniki iwe pia na viwango vya kawaida vinavyolingana na vifaa vyake na watu inaowapima.

Uvimbe unaosakwa zaidi ni shwanoma ya vestibula, ambayo wengi bado huiita neuroma ya akustika. Si saratani. Huota kutoka kwenye seli za Schwann, zile zinazozifunika nyuzi za neva, kwa kawaida katika tawi la mizani, na mara nyingi huanzia ndani ya mfereji wa mfupa wenye urefu wa takriban sentimita 1 ambamo neva ya kusikia, neva za mizani na neva ya uso hupita kwa kubanana. Uvimbe wa aina hii ni takriban asilimia 80 au zaidi ya uvimbe wote unaopatikana katika pembe hiyo. Sehemu iliyobaki ni pamoja na meninjioma, yaani uvimbe wa utando unaoufunika ubongo, na vifuko vya epidermoidi, vyenye seli za ngozi. Kwa kuwa mfereji ni finyu, hata uvimbe mdogo unaweza kuzikandamiza nyuzi za neva jirani au mshipa mdogo wa damu unaolilisha sikio la ndani. Nyuzi zilizokandamizwa hupitisha taarifa polepole, au huacha kupitisha kwa pamoja, na wimbi la tano huchelewa, hufifia au hupotea kabisa. Weldon Selters na Derald Brackmann walipochapisha kazi yao mwaka 1977, waligeuza wazo hilo kuwa chombo cha kliniki: walilinganisha muda wa wimbi la tano wa sikio la kulia na wa sikio la kushoto la mtu yuleyule, na tofauti iliyozidi milisekunde 0.2 waliichukua kuwa ya kutilia shaka. Mgonjwa akawa kipimo chake mwenyewe, na huo ni uamuzi wa busara ambao hata leo sijaona uliouzidi kwa urahisi.

Nililoshughulika nalo zaidi ni ripoti, na hapo ndipo kliniki moja hupishana na nyingine. Ripoti mbovu huandika neno moja, ama kwamba majibu ni ya kawaida ama si ya kawaida, na kumwacha mgonjwa abebe neno hilo hadi kwa daktari. Ripoti nzuri huonyesha michoro ya masikio yote mawili, kila mmoja ukiwa umerudiwa angalau mara moja ili ionekane kwamba kilele kilichotiwa alama kinajirudia kweli. Huandika muda wa wimbi la kwanza, la tatu na la tano. Huandika pia nafasi kati ya la kwanza na la tatu, kati ya la tatu na la tano, na kati ya la kwanza na la tano. Kisha huweka karibu yake odiogramu, yaani mchoro wa usikivu wa kawaida wa mgonjwa huyo. Bila odiogramu, kwa maoni yangu, kipimo hiki hakisomeki.

Nieleze kwa mfano wa majibu yangu. Wimbi la tano la sikio langu baya lilichelewa kuliko la sikio zuri kwa tofauti iliyoupita mpaka wa Selters na Brackmann, na kama ripoti ingeishia hapo ningeondoka nikiamini kwamba nina uvimbe. Lakini wimbi la kwanza nalo lilikuwa limechelewa karibu kwa kiasi hichohicho, na nafasi kati ya la kwanza na la tano ilikuwa karibu na milisekunde 4, ambayo ni ya kawaida. Mpaka unaotumiwa na wengi ni takriban 4.4 au 4.5. Mjumbe aliyechelewa kuondoka nyumbani hafanani na mjumbe aliyezuiwa njiani, ingawa wote wawili hufika wakati mbaya. Wimbi la kwanza likichelewa, kasoro inaelekea kuwa katika koklea au katika sikio la kati; wimbi la kwanza likifika kwa wakati na la tatu au la tano likachelewa, kasoro iko njiani, na hapo ndipo uvimbe unapotiliwa shaka kwa dhati. Picha ya MRI iliyofuata haikuonyesha uvimbe. Mtaalamu aliyeisoma michoro yangu alikuwa ameandika mapema kwamba ucheleweshaji wangu unalingana na upungufu wa sauti za juu katika koklea, na sentensi hiyo moja ilikuwa na manufaa kuliko ukurasa mzima wa namba.

Hapo pia ndipo ugumu wa kipimo unapoonekana. Mlio mfupi unaotumika huamsha zaidi sehemu ya koklea inayoshughulikia sauti za kati ya kilohezi 2 na 4, na sehemu hiyohiyo ndiyo inayoumia kwanza kwa watu wengi kutokana na umri au kelele. Selters na Brackmann walilijua hilo, wakapendekeza kupunguza milisekunde 0.1 kwenye muda wa wimbi la tano kwa kila desibeli 10 za upungufu unaozidi desibeli 50 kwenye kilohezi 4. Marekebisho ya namna hii husaidia, lakini ni makadirio. Upungufu ukifika desibeli 70 au 80 katika masafa hayo, mara nyingi mawimbi hayaonekani kabisa, na mchoro mtupu hausemi kama tatizo liko kwenye koklea au kwenye neva. Mgonjwa wa namna hiyo hana sababu ya kulazwa kwenye kiti cha ABR kwa ajili ya kusaka uvimbe. Apelekwe moja kwa moja kwenye picha. Ninashangaa kwamba bado wapo wanaoandikiwa kipimo hiki bila mtu kuitazama odiogramu yao kwanza.

Udhaifu mkubwa zaidi ni uvimbe mdogo. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti 43, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba kwa ujumla kipimo hiki hutambua takriban asilimia 93 ya wagonjwa wenye shwanoma ya vestibula. Kwa uvimbe uliozidi sentimita 1 kiwango kilipanda hadi karibu asilimia 96, na kwa ule wa chini ya sentimita 1 kilishuka hadi karibu asilimia 86. Kwa maneno mengine, kati ya watu 100 wenye uvimbe mdogo, takriban 14 wangerudishwa nyumbani wakiambiwa kwamba neva yao inapitisha taarifa sawasawa. Kwa wasio na uvimbe, takriban 18 kati ya 100 walionekana kuwa na kasoro ambayo haikuwa ya uvimbe. Mtu anaweza kuziita namba hizi nzuri, na kwa kipimo kisichoingiza kitu mwilini kweli si mbaya. Hata hivyo uvimbe mdogo ndio ambao daktari angependa kuugundua mapema, wakati usikivu bado una nafasi ya kuhifadhiwa, na huo ndio unaoponyoka. Sababu yake ni ya kimaumbile: muda wa wimbi la tano huamuliwa zaidi na nyuzi za sauti za juu, na uvimbe ambao bado haujazigusa nyuzi hizo vya kutosha huliacha wimbi lifike kwa wakati wake.

Manuel Don na wenzake katika taasisi ya House Ear, Los Angeles, walijaribu kuliziba pengo hilo. Mwaka 1997 walieleza njia ambayo uvumi uliochujwa kwa masafa tofauti hutumika kuutenga mwitikio wa kila eneo la koklea, katika mikanda mitano ya masafa. Kisha mawimbi ya tano ya mikanda hiyo hupangwa yalingane kwa wakati, hujumlishwa, na ukubwa wa jumla hiyo ndio unaopimwa badala ya muda. Hoja yao ni nzuri: ikiwa uvimbe umezinyamazisha nyuzi zozote, za sauti za juu au za chini, jumla itapungua. Matokeo yao yaliyochapishwa kwa uvimbe mdogo yalikuwa bora waziwazi kuliko ya ABR ya kawaida. Mbinu hiyo, hata hivyo, inachukua muda mrefu zaidi, inahitaji programu maalumu na mgonjwa aliyetulia kwelikweli, na haikuenea kama wengi walivyotarajia. Anayeahidiwa "ABR ya kisasa inayoona uvimbe mdogo" aulize kama ni njia hii inayozungumzwa au ni mashine mpya yenye kipimo kilekile.

Jambo moja ambalo kipimo hiki hulieleza vizuri, na ambalo halitajwi sana kwa wagonjwa, ni hali ya sikio la upande usio na uvimbe. Uvimbe uliokua hadi kulisukuma shina la ubongo unaweza kurefusha nafasi kati ya wimbi la tatu na la tano katika sikio la pili, ambalo mgonjwa huliona zima. Mtaalamu anayepima sikio baya tu na kuliacha zuri "kwa kuwa halina shida" anapoteza taarifa hiyo, na anapoteza pia ule ulinganisho wa kulia na kushoto ambao ndio uti wa mgongo wa huduma yote. Vilevile kwa wenye neurofibromatosisi aina ya pili, ambao uvimbe huwaota pande zote mbili, ulinganisho wa masikio hauna mahali pa kusimama, na ni nafasi kati ya mawimbi pekee inayobaki na maana.

Dhidi ya MRI yenye dawa ya gadolini, inayodungwa ili uvimbe uonekane wazi, ushindani haupo tena. Picha hiyo huonyesha uvimbe wa milimita chache, ukubwa wake, umbo lake na mahali ulipolalia, na hutofautisha shwanoma na meninjioma katika visa vingi, mambo ambayo mawimbi hayawezi kuyasema hata yakisomwa na bingwa. Mwongozo wa mwaka 2018 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unaelekeza kwamba MRI ifikiriwe kwa mtu mzima ambaye masikio yake yanatofautiana kwa desibeli 15 au zaidi katika masafa mawili yanayofuatana. Mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani kuhusu upotevu wa ghafla wa usikivu, katika toleo la mwaka 2019, bado unaruhusu ama MRI ama ABR katika kuchunguza kasoro iliyo nyuma ya koklea. Nadhani ruhusa hiyo ni ya haki, mradi isifanywe kisingizio. Wapo wenye vifaa vya moyo visivyoruhusu sumaku, wenye vipande vya chuma mwilini, wasioweza kuvumilia kufungiwa katika bomba la mashine, na wapo ambao mashine yenyewe iko mbali nao au foleni yake ni ndefu. Kwa hao ABR iliyofanywa vizuri ni hatua ya kwanza yenye maana, na majibu yenye kasoro ya wazi yanaweza kuwasogeza mbele kwenye foleni hiyo. Majibu ya kawaida, kwa upande wake, yafuatwe na kipimo kingine cha usikivu baada ya muda, hasa kama tofauti ya masikio ni kubwa au uelewa wa maneno umeporomoka kupita kiasi kinachoelezwa na odiogramu.

Huduma hii ina sehemu nyingine isiyoonekana na mgonjwa, kwa kuwa yeye huwa amelala. Wakati wa upasuaji wa kuondoa uvimbe unaolenga pia kuokoa usikivu, mawimbi hayahaya hufuatiliwa mfululizo, kwani dawa za usingizi haziyaondoi. Wimbi la tano likianza kuchelewa au kimo chake kikishuka sana, mpasuaji huonywa alegeze mvuto juu ya neva au asubiri. Udhaifu wake chumbani humo ni kwamba wastani huchukua muda kukusanywa, na madhara yanaweza kutangulia onyo. Ndiyo maana baadhi ya timu huweka elektrodi moja kwa moja juu ya neva, ambapo umeme ni mkubwa na jibu hupatikana upesi.

Kwa anayekwenda kufanyiwa, ushauri wangu ni wa kawaida. Apimwe odiogramu kamili kabla yake, na masikio yakaguliwe nta na majimaji, kwa sababu kizuizi cha sikio la kati huyachelewesha mawimbi yote. Aulize mapema kama masikio yote mawili yatapimwa na kama nafasi kati ya mawimbi itaandikwa. Aulize pia ni nani atakayeisoma michoro, kwa kuwa alama za vilele zinazowekwa na mashine yenyewe hukosea pale wimbi la nne na la tano yanapoungana, na hilo hutokea mara kwa mara hata kwa watu wenye afya kabisa. Mwisho, achukue nakala ya michoro na si barua ya majibu peke yake: shwanoma nyingi hukua polepole sana, nyingine hazikui kwa miaka, na mtaalamu atakayempima baadaye atahitaji kuweka mchoro wa zamani kando ya mpya, kwa mlio wa nguvu ileile na kasi ileile, ili aone kama nafasi kati ya wimbi la kwanza na la tano imerefuka.